Sumu ya Wadudu na Kifungo cha Haidrojeni: Kwa Nini Saa za Kwanza Huamua

Mgonjwa anapofikishwa katika chumba cha dharura akitokwa na mate, jasho na machozi kwa wingi, mboni za macho yake zikiwa zimefinyika kama ncha ya sindano, muuguzi mwenye uzoefu huuliza swali moja mapema: je, mtu huyu ameshika, amevuta au amemeza dawa ya kuua wadudu? Swali hilo si la bure. Dalili hizo zikija pamoja huelekeza kwenye sumu za jamii mbili, yaani oganofosfeti na kabameti, ambazo kwa miaka mingi zimetumiwa kupulizia mboga, kahawa na maua, kuogeshea mifugo, na hata kuua mende na kunguni katika nyumba za mijini.

Mpenzi msomaji, wengi wetu tumeambiwa kwamba sumu hizi ni kali, tukaishia hapo. Ni wachache walioelezwa zinaua kwa njia gani, au kwa nini mtu anayefikishwa hospitalini baada ya saa moja huwa na nafasi bora kuliko yule anayefikishwa kesho yake. Jibu limo katika kitu kidogo mno kisichoonekana kwa darubini ya kawaida. Kitu hicho huitwa kifungo cha haidrojeni. Vifungo hivi ndivyo vinavyouwezesha mwili kuzima ujumbe wa neva kwa kasi ya ajabu, na ni vifungo hivyo hivyo ambavyo sumu huvigeuza pingu. Makala haya yataeleza jambo hilo hatua kwa hatua, kisha yatataja mambo ya kufanya nyumbani.

UJUMBE UNAOVUKA UFA

Unapotaka kuinua mkono, ubongo hutuma ishara kupitia neva hadi kwenye misuli. Lakini neva haigusani na msuli. Kati yao kuna ufa mwembamba sana, na ishara ya umeme haiwezi kuuruka ufa huo. Neva hulazimika kumwaga kemikali ambayo huvuka hadi ng'ambo na kuugonga msuli, nao msuli hujikaza. Kemikali hiyo ni asetilikolini.

Aliyethibitisha kwamba neva hutumia kemikali kupeleka ujumbe ni Otto Loewi, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi mjini Graz, Austria. Mwaka wa 1921 alichukua mioyo miwili ya chura iliyokuwa ingali ikidunda. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka mapigo yake yakapungua, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayapeleka kwenye moyo wa pili. Nao wa pili ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Kumbe ujumbe ulikuwa ndani ya maji. Mwaka wa 1936 Loewi alituzwa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Asetilikolini haipeleki ujumbe kwenye misuli ya mikono na miguu peke yake. Ndiyo inayoamrisha tezi za mate, machozi na jasho, matumbo, kibofu cha mkojo, mboni ya jicho, mapigo ya moyo na misuli tunayoitumia kuvuta pumzi. Ujumbe wa aina hii lazima ufutwe mara tu unapofika. Fikiria kengele ya mlangoni. Mgeni akibonyeza na kuondoa kidole, wenye nyumba husikia mlio mmoja na kwenda kufungua. Kidole kikiganda pale, kengele italia bila kukoma hadi iungue.

Kazi ya kuondoa kidole hicho imekabidhiwa kimeng'enya kimoja ambacho wataalamu hukiita asetilikolinesterezi. Kwa ufupi tutakiita kolinesterezi.

KIMENG'ENYA KINACHOKATA ASETILIKOLINI

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini. Vile vya mate na tumboni, vinavyovunja chakula, tunavifahamu tangu shule ya msingi. Kolinesterezi ni ndugu yao, ila kazi yake ni kuikata asetilikolini vipande viwili, yaani kolini na asidi ya asetiki, ile ile inayofanya siki iwe chachu. Vipande hivyo haviwezi kuugonga msuli. Kolini hurudishwa ndani ya neva ikatengenezewe ujumbe mpya.

Kasi ya kimeng'enya hiki ni ya kustaajabisha. Molekuli moja tu ya kolinesterezi hukata maelfu ya molekuli za asetilikolini katika sekunde moja. Bila kimeng'enya, asetilikolini iliyo katika maji ingechukua muda mrefu mno kuvunjika, na pumzi haiwezi kungoja.

Umbo la kolinesterezi lilijulikana wazi mwaka wa 1991. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, wakiongozwa na Joel Sussman na Israel Silman, walitumia miale ya eksirei kuchunguza kimeng'enya kilichotolewa katika samaki wa baharini mwenye uwezo wa kutoa umeme. Walikuta kwamba mahali pa kukatia hapako juu ya protini bali chini kabisa ya korongo jembamba lenye kina cha nanomita 2 hivi. Asetilikolini hutumbukia katika korongo hilo na kukutana na vifaa vilivyokwisha kupangwa tayari.

KIFUNGO CHA HAIDROJENI NI NINI?

Kabla hatujashuka korongoni, tutazame glasi ya maji. Kila molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili zilizounganishwa kwa nguvu. Oksijeni ni chakaramu: huvuta elektroni upande wake, ikawa na chaji hasi kidogo, na kuziacha haidrojeni na chaji chanya kidogo. Matokeo ni kwamba haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvuto huo ndio kifungo cha haidrojeni. Unaweza pia kutokea baina ya haidrojeni iliyoshikwa na naitrojeni na oksijeni iliyo karibu, na kwa njia nyingine kadhaa zinazofanana na hizo.

Nguvu za kifungo hiki ni ndogo. Ukilinganisha na muungano ulio kati ya oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli moja ya maji, kifungo cha haidrojeni kina takriban sehemu moja kwa ishirini tu ya nguvu hizo. Katika maji, vifungo hivi hufungwa na kufunguliwa mara nyingi kupita kiasi katika kufumba na kufumbua jicho. Hata hivyo, vikiwa vingi si vya kudharauliwa. Ndivyo vinavyoyafanya maji yawe kimiminika badala ya gesi katika joto tulilolizoea, na ndivyo vinavyozishikanisha nyuzi mbili za DNA.

Mtu anaweza kuuliza, iwapo kifungo ni hafifu hivyo, kitasaidiaje kimeng'enya? Faida yake imo katika udhaifu huo. Kimeng'enya kinachoshika kwa nguvu kupita kiasi hakiachilii, na kisichoachilia hakiwezi kumhudumia mteja wa pili. Kinahitaji kushika kwa nafasi sahihi, kwa muda mfupi, kisha kuachilia. Kifungo cha shati kinafaa kwa kuwa hufunguka. Kushona shati likiwa mwilini kungekuwa balaa.

Kuna jambo la pili lililo muhimu zaidi. Mwanakemia Mmarekani Linus Pauling alifafanua katika miaka ya 1940 kwamba kimeng'enya hakilengi kuishika molekuli jinsi inavyokuja. Hulenga kuishika ilipo katikati ya mabadiliko, wakati si ya kale tena wala si mpya bado. Hali hiyo ya katikati ndiyo ngumu, na ndiyo inayochelewesha kazi. Tumwangalie makanga wa matatu. Hana haja ya kumshika abiria aliyekwisha kuketi, wala aliye mbali stejini. Humshika mkono yule aliye na mguu mmoja ndani na mmoja nje, gari likiwa limeanza kuondoka. Akishaingia, makanga humwachilia na kumnyoshea mwingine mkono.

NDANI YA KORONGO

Sasa tushuke korongoni. Protini ya kolinesterezi ni mnyororo wa asidi-amino zaidi ya 500 uliojikunja, lakini kazi ya kukata inafanywa hasa na chache. Tatu kati ya hizo ni serini iliyo nafasi ya 203 kwenye kimeng'enya cha binadamu, histidini ya nafasi ya 447 na glutamati ya nafasi ya 334. Katika mnyororo ziko mbalimbali, ila mkunjo wa protini umezileta pamoja zikapangwa mstari mmoja na kuunganishwa kwa vifungo vya haidrojeni.

Kazi huenda hivi. Serini ina kitanzi chenye oksijeni na haidrojeni, na haidrojeni hiyo imeelekezwa kwa histidini kwa kifungo. Glutamati iko upande wa pili, ikiishika histidini isiyumbe. Asetilikolini inapofika, histidini huivuta kabisa ile haidrojeni ya serini. Oksijeni ya serini, ikiwa imevuliwa, hugeuka kuwa kali na kuivamia asetilikolini pale penye kiungo cha kukatwa.

Wakati huo huo tatizo huzuka. Oksijeni mojawapo ya asetilikolini yenyewe hujikuta imebeba chaji hasi, hali isiyopendeza ambayo ingeifanya molekuli irudi ilikotoka. Hii ndiyo hali ya mguu mmoja ndani na mmoja nje. Hapo ndipo mkono wa makanga unapohitajika. Kando tu ya serini kuna kishimo kidogo ambacho kutani mwake zimejitokeza haidrojeni tatu, zilizoshikwa na naitrojeni za glisini mbili na alanini moja. Haidrojeni hizo zina chaji chanya kidogo, na zote tatu zimeelekezwa mahali pamoja. Oksijeni yenye chaji hasi huingia katika kishimo hicho na kushikwa kwa vifungo vitatu vya haidrojeni kwa mpigo. Inatulia kwa muda unaotosha, kolini inakatika, na molekuli inavuka salama.

Kinachobaki ni kipande cha asetili kilichong'ang'ania serini. Molekuli ya maji huingia, histidini huivuta haidrojeni yake vile vile, nayo maji hukivamia kipande hicho. Vifungo vitatu vya kishimo husaidia mara ya pili, asetili huondoka, serini hurudishiwa haidrojeni yake, na kimeng'enya huwa tayari kwa molekuli inayofuata. Shughuli hii yote humalizika katika sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde.

SUMU INAPOJIFANYA MTEJA

Kiini cha sumu ya oganofosfeti ni atomu ya fosforasi iliyozungukwa na nyingine nne, zikifanya umbo la piramidi. Umbo hilo linafanana mno na ile hali ya katikati ya asetilikolini inapokatwa. Hivyo kimeng'enya huipokea sumu kana kwamba ni mteja aliyefika mlangoni. Histidini huivua serini haidrojeni yake kama kawaida. Serini huivamia fosforasi kama ilivyozoea. Na oksijeni ya sumu huingia katika kishimo na kushikwa na vifungo vile vile vitatu.

Tofauti ni kwamba safari hii abiria haingii wala hatoki. Fosforasi hujifunga kwenye serini kwa muungano imara, na umbo lake humzuia histidini kuielekeza molekuli ya maji mahali panapofaa kuling'oa. Mkono uliokuwa ukiharakisha sasa unashikilia kizuizi mlangoni. Kimeng'enya kimoja baada ya kingine hukwama, asetilikolini hujaa katika ufa, na kengele hulia bila kukoma. Mate, machozi, jasho, mkojo na kuhara hutoka bila mpango. Mapafu hujaa majimaji, mapigo ya moyo huweza kushuka, misuli hutetemeka kisha hulegea. Wanaofariki, wengi wao hufariki kwa kushindwa kupumua.

Oganofosfeti nyingi, kwa mfano malathioni, diazinoni na klopirifosi, huja zikiwa na salfa badala ya oksijeni kwenye fosforasi. Salfa haishikwi vizuri na vifungo vya haidrojeni vya kile kishimo, kwa hiyo katika hali hiyo sumu ina makali kidogo. Lakini ini la binadamu, katika jitihada zake za kusafisha damu, huiondoa salfa na kuweka oksijeni. Ini ndilo linalokamilisha ufunguo. Kwa sababu hiyo mtu aliyemwagikiwa au kumeza sumu ya namna hii anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, familia ikashukuru Mungu na kulala, kisha hali ikabadilika usiku wa manane. Kukosa dalili mapema si uthibitisho wa usalama.

Ubaya huu umetumiwa pia na binadamu dhidi ya mwenzake. Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya wadudu mwaka wa 1936 alipovumbua sumu ya tabun, na sarin ikafuata mwaka wa 1938. Mnamo Machi 1995 sarin iliachiliwa ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, ikaua watu zaidi ya kumi na kudhuru maelfu. Sumu hizo za vita na dawa ya kupulizia mboga hutofautiana sana kwa ukali, lakini mlango zinaoukwamisha ni mmoja.

KIMENG'ENYA "KIKIZEEKA"

Hapa ndipo saa inapoanza kuhesabu. Fosforasi iliyokwama kwenye serini huwa bado ina matawi mawili. Baada ya muda, tawi moja huanguka na kuacha nyuma oksijeni yenye chaji hasi. Oksijeni hii mpya huvutwa na histidini iliyo jirani, huku ile ya kwanza ikiwa imo ndani ya kishimo ikishikwa na vifungo vyake vitatu. Sumu inakuwa imefungwa pande zote. Wataalamu huita hatua hii kuzeeka kwa kimeng'enya, na kimeng'enya kilichozeeka hakina tiba. Mwili hauna budi kutengeneza kingine kipya.

Muda wa kuzeeka hutegemea aina ya sumu. Kwa zile ambazo matawi yake ni ya kabuni moja moja, nusu ya vimeng'enya vilivyokwama huzeeka katika muda wa saa tatu hadi nne hivi. Kwa zile zenye matawi ya kabuni mbili mbili, huchukua zaidi ya siku moja. Kabla ya kuzeeka, kuna dawa inayoweza kuling'oa fosforasi. Dawa hiyo ni pralidoksimu, iliyotokana na kazi ya Irwin Wilson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, miaka ya 1950. Oksijeni yake huivamia fosforasi na kuiondoa kwenye serini. Ikichelewa, hukuta mlango umeshapigwa kufuli.

Hata hivyo, pralidoksimu si muujiza. Utafiti uliofanywa nchini India na kuchapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba dozi kubwa zilisaidia, lakini mwingine uliofanywa Sri Lanka na kuchapishwa mwaka wa 2009 haukuona manufaa. Dawa inayotangulia ni atropini, ambayo haigusi kimeng'enya hata kidogo. Huziba mahali ambapo asetilikolini hugonga tezi, mapafu na moyo, ni kama kuziba sikio kengele ikiendelea kulia. Daktari huiongeza kidogo kidogo mpaka mapafu yakauke na moyo upige sawasawa. Lakini atropini haisaidii misuli iliyolegea, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huhitaji mashine ya kupumulia.

Kwa bahati, sumu za kabameti haziendi mbali hivyo. Nazo hukamata serini, lakini maji huziondoa taratibu, na vimeng'enya hurudi kazini katika muda wa saa chache hadi siku moja. Havizeeki. Hii haina maana kwamba ni salama, kwa kuwa mtu anaweza kufa kabla ya saa hizo kwisha.

Kuna onyo jingine kwa familia zenye haraka ya kumtoa mgonjwa wodini. Mwaka wa 1987 madaktari wa Sri Lanka walieleza hali inayowapata baadhi ya wagonjwa wa oganofosfeti kati ya siku ya kwanza na ya nne. Mgonjwa huwa ameanza kupata nafuu, kisha ghafla misuli ya shingo na ya kupumua hulegea. Akiwa wodini atasaidiwa. Akiwa amerudishwa nyumbani, huenda asifike tena hospitalini.

MLANGO HUO HUO HUTUMIKA KUTIBU

Elimu hii si ya sumu peke yake. Maharage ya Calabar, yatokayo Nigeria, yalitumiwa zamani kuwahukumu watuhumiwa, wakilazimishwa kuyanywa ili aliye na hatia afe. Mwaka wa 1864 wanakemia walitoa humo kemikali ya fisostigmini, ambayo ni kabameti ya asili. Baadaye ilifuatwa na neostigmini, dawa inayokikwamisha kimeng'enya kwa kipimo na kwa muda. Madaktari wa nusukaputi huitumia kumrudishia mgonjwa nguvu za misuli baada ya upasuaji. Hutumiwa pia kwa wagonjwa ambao misuli yao hulegea kwa sababu ujumbe wa asetilikolini hauwafikii vya kutosha. Kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu.

Pia kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha kolinesterezi kinachofanya kazi. Wapulizaji wa dawa katika mashamba ya maua na mboga hufaa kupimwa kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baada ya hapo, ili upungufu ugunduliwe kabla ya dalili. Kimeng'enya kilicho kwenye chembe nyekundu za damu, kikishazeeka, hurudi polepole kadiri chembe mpya zinavyotengenezwa, na chembe moja huishi siku 120 hivi. Mfanyakazi anayerudi shambani baada ya juma moja akijihisi mzima anaweza kuwa bado hana akiba ya kutosha, na sumu kidogo ikamwangusha.

LA KUFANYA NYUMBANI

Ukimkuta mtu unayemshuku kuwa amepatwa na sumu hii, fuata mambo haya:

1. Mwondoe penye sumu na umpeleke penye hewa safi. Mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Sumu hii hupenya ngozi, kwa hiyo nawe vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

2. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mayai mabichi. Hakuna kati ya hivyo kinachoifungua serini, na akitapika huku amelegea vinaweza kuingia mapafuni.

3. Akiwa amelegea au hana fahamu, mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke.

4. Mpeleke hospitalini upesi hata kama hana dalili. Usingoje uone hali itakavyokuwa.

5. Beba chupa, pakiti au kibandiko cha dawa hiyo. Si kila sumu ya nyumbani hukwamisha kolinesterezi. Dawa zinazotokana na pareto hudhuru neva kwa njia nyingine, na sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, ambayo tiba yake ni vitamini K. Daktari akijua jina hapotezi saa akikisia.

Kuhusu tahadhari, chanzo kikubwa cha ajali ni chupa. Dawa inayohamishwa kutoka chombo chake hadi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Vile vile epuka dawa za kunguni zinazouzwa na wachuuzi katika vichupa visivyo na jina. Dawa halali lazima iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu, PCPB, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 1982, na kibandiko chake kitaje kilichomo. Usiinyunyize kitandani wala kwenye nguo za mtoto dawa iliyotengenezewa shamba. Osha sukuma wiki na mboga nyingine kwa maji yanayotiririka, na wewe unayelima kiungani mwa mji, ngoja siku zote zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna na kuuza.

Mwisho, sumu isikae karibu na mtu aliye katika huzuni kubwa. Nchini Sri Lanka, serikali ilipoondoa sokoni dawa kali zaidi kuanzia mwaka wa 1995, idadi ya watu waliojiua ilipungua kwa karibu nusu katika miaka kumi iliyofuata. Funzo lake ni kwamba saa ya kukata tamaa mara nyingi hupita, ikiwa hakuna cha kushika karibu. Ukiona ndugu au jirani amelemewa, ongea naye, mfikishe kwa mhudumu wa afya, na uiondoe dawa hiyo nyumbani kabisa.

Kinga ni bora kuliko tiba, walivyonena wahenga. Lakini ajali ikishatokea, kumbuka kwamba ndani ya mwili wa mgonjwa kuna kimeng'enya kilichokwama ambacho kwa muda fulani bado kinaweza kufunguliwa. Muda huo hauhesabiwi tangu afike kwa daktari. Huhesabiwa tangu sumu imguse.